Brashi Laini ya Vipodozi: Matumizi na Matunzo Yake

Miongoni mwa vifaa vya urembo, brashi laini ni kati ya vile vinavyogusa ngozi mara nyingi zaidi na vinavyosahauliwa mapema zaidi, kwa kuwa poda ikiisha hununuliwa nyingine, ilhali brashi huendelea kutumika hadi nywele zake zikakakamaa na kuanza kudondoka. Kwa jina hilo inakusudiwa brashi yenye nywele nyembamba na nyingi, zilizopangwa katika kichwa cha mviringo au kilichobapa kidogo, ambayo kazi yake ni kutandaza vipodozi vikavu, yaani poda, rangi ya mashavu na king'arisho, kwa utando mwembamba usio na mabaka. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba ulaini wa brashi haununuliwi dukani mara moja ukadumu wenyewe. Hutunzwa kwa kulinda sehemu mbili, ambazo ni ncha ya nywele, inayoharibiwa na mkono mzito, na shina la nywele, linaloharibiwa na maji. Anayezielewa sehemu hizo mbili hahitaji kukariri kanuni za kutumia, kuosha na kukausha brashi, kwa sababu karibu zote huzaliwa na ujuzi huo.

Muundo wa brashi

Brashi ina kichwa cha nywele, mpini, na pete ya chuma inayoviunganisha vitu viwili hivyo. Ndani ya pete, mahali pasipoonekana, mashina ya nywele hufungwa pamoja na kugandishwa kwa gundi, kisha mpini huingizwa upande wa pili na pete hubanwa juu yake. Hapo ndipo penye uhai wa brashi, maana gundi inayoloweshwa mara kwa mara hulegea, mpini wa mti unaofyonza maji huvimba na kusinyaa unapokauka, na mwishowe pete hucheza, nywele zikaanza kutoka moja moja na hatimaye kwa vishungi.

Ncha nayo ina jambo lake. Unywele wa mnyama ambao haujawahi kukatwa huchongoka kadiri unavyoelekea mwisho, na mchongoko huo ndio unaoufanya uteleze juu ya ngozi bila kuchoma, ilhali unywele uliokatwa kwa mkasi huwa na mwisho butu wenye kingo, ambao hukwaruza hata kama unywele wenyewe ni mwembamba. Kwa sababu hiyo mafundi wa mji wa Kumano, katika mkoa wa Hiroshima nchini Japani, hawakati ncha za brashi zao bora ili kupata umbo, bali huzipanga nywele ndani ya kikombe cha mti kiitwacho koma, chenye umbo la kichwa kinachotakiwa, hadi ncha zenyewe zijenge duara. Mji huo uliingia katika ufundi wa brashi za kuandikia kwa wino katika karne ya 19, baada ya wakulima wake, waliokuwa wakisafiri kutafuta vibarua wakati shamba halina kazi, kuzoea kurudi na brashi na wino wa kuuza njiani. Na katika karne ya 20, mahitaji ya brashi za kuandikia yalipopungua, ujuzi huohuo ukahamishiwa kwenye brashi za picha na za vipodozi. Mwaka 2011 timu ya soka ya wanawake ya Japani ilipotwaa Kombe la Dunia, serikali ya nchi hiyo iliwapa wachezaji brashi za vipodozi za Kumano pamoja na tuzo ya heshima ya taifa, jambo linaloonyesha daraja ambalo kazi hiyo ya mikono imefikia. Funzo kwa mtumiaji wa kawaida ni kwamba brashi ambayo nywele zake zimetawanyika haipunguzwi kwa mkasi, kwa kuwa kinachoondolewa hapo ni ncha, na ncha ikishaondoka hairudi.

Aina za nywele na kazi zake

Nywele za brashi laini ni za wanyama au ni nyuzi bandia. Kwa upande wa wanyama, nywele za mbuzi hutumika kwa wingi, kwa kuwa ni imara, hushika poda vizuri na huvumilia kuoshwa, ingawa ulaini wake hutofautiana sana kati ya daraja na daraja. Nywele za kindi ni nyembamba na nyororo zaidi, hivyo huacha utando mwepesi mno wa poda, lakini hukatika upesi na hazipendi maji ya mara kwa mara. Nyuzi bandia hutengenezwa kwa nailoni au poliesta na kuchongwa ncha zake kiwandani, na ubora wake umepanda kiasi kwamba baadhi ya brashi hizo hushindana kwa ulaini na brashi za mbuzi.

Tofauti ya msingi kati ya makundi hayo mawili iko juu ya uso wa unywele. Unywele wa mnyama umejengwa kwa keratini, ambayo ni protini ileile iliyomo katika kucha na nywele za binadamu, na umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Chembe za poda hushikwa katika magamba hayo na kuachiwa kidogo kidogo brashi inapopita juu ya ngozi, na ndiyo maana brashi ya nywele za asili hupaka poda kwa ulinganifu. Uzi bandia hauna magamba na hunyonya maji kidogo sana, kwa hiyo kipodozi cha maji au cha mafuta, kama vile fondesheni, hubaki juu yake na kufika usoni badala ya kupotelea ndani ya nywele. Kutokana na hayo hupatikana kanuni rahisi, kwamba brashi ya nywele za asili ihifadhiwe kwa ajili ya poda kavu, na ile ya nyuzi bandia ipewe kazi za vipodozi vyenye majimaji, ingawa yenyewe inaweza kufanya kazi zote mbili ikioshwa baina ya kazi moja na nyingine.

Kwa Muislamu, asili ya unywele ni suala lenye uzito wa pekee, kwa kuwa baadhi ya brashi duniani hutengenezwa kwa singa za nguruwe. Singa hizo ni ngumu, hivyo hutumika zaidi katika brashi za rangi za ukutani na za kuchania nywele kuliko katika brashi laini za poda, lakini lebo isiyotaja aina ya unywele haimpi mnunuzi uhakika wowote. Brashi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya nywele za mbuzi au ya nyuzi bandia humwondolea shaka hiyo.

Kuchagua dukani

Mnunuzi asiishie kuipapasa brashi kwa vidole, kwa kuwa ngozi ya vidole ni nene na hudanganyika kwa urahisi. Jaribio linaloaminika zaidi ni kuibonyeza brashi safi ya maonyesho polepole juu ya mgongo wa mkono au ndani ya kiwiko, kisha kuizungusha, kwa sababu ncha butu hujitambulisha kwa mchomo mdogo ambao kuipitisha juu juu hakuwezi kuufichua. Baada ya hapo achunguze pete kwa kuushika mpini kwa mkono mmoja na pete kwa mwingine na kujaribu kuvizungusha taratibu, na pete inayocheza ikiwa ingali mpya iachwe dukani. Kichwa kikibanwa na kuachiwa kirudi katika umbo lake, na nywele chache zikidondoka zisiwe sababu ya kuikataa brashi, maana nywele ambazo hazikufika kwenye gundi hutoka katika siku za mwanzo, hasa kwa brashi za asili. Kinachotisha ni kudondoka kusikokoma baada ya kuoshwa mara mbili au tatu. Brashi mpya ioshwe kabla ya kugusa uso, ili iondokewe na vumbi la karakana na rangi iliyozidi, ambayo katika brashi zilizotiwa rangi nyeusi huonekana wazi katika maji ya kwanza.

Mkono mwepesi

Ncha ndizo zinazobeba poda na ndizo zinazoipaka, kwa hiyo brashi huchovywa kwa ncha peke yake, tena kwa kugusa juu ya poda bila kuichimba, kisha hutikiswa kidogo ili chembe zilizozidi zianguke. Poda nyingi inayoingia hadi kwenye mashina hairudi usoni. Hujikusanya karibu na pete, huchanganyika na mafuta ya ngozi na kuwa uchafu mgumu kuosha. Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni kuibonyeza brashi hadi nywele zikafunguka pande zote, kwa dhana kwamba shinikizo huongeza rangi, ilhali shinikizo hilo hupeleka ubavu wa nywele usoni badala ya ncha, huacha mabaka, na kuzipinda nywele mahali zinapotokea kwenye pete. Anayetaka rangi zaidi apake tabaka la pili kwa mkono uleule mwepesi.

Poda ipakwe kwa mizunguko midogo kuanzia katikati ya uso kuelekea pembeni, na mipigo ya mwisho ishuke chini, kwa sababu malaika, yaani vinyweleo laini vya usoni, kwa sehemu kubwa huelekea chini, na brashi inayopanda juu huvisimamisha na kuifanya poda ionekane kama vumbi juu yake. Katika joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam pana hatua nyingine isiyofaa kurukwa, nayo ni kulikausha jasho kwa karatasi laini kabla ya brashi kugusa uso. Poda inayokutana na jasho huganda kwa madoa, na brashi iliyonyonya jasho hubeba chumvi na mafuta hadi ndani ya kopo la poda, ambamo hutengeneza utando mgumu unaong'aa na kuizuia poda isishike tena. Vivyo hivyo, fondesheni na krimu ziachwe zitulie kwenye ngozi kabla ya brashi ya poda kupita juu yake.

Baada ya kila matumizi, brashi ifutwe juu ya kitambaa kikavu cha pamba kwa kupelekwa mbele na nyuma taratibu hadi isiache tena rangi. Tendo hilo halizidi dakika moja, lakini huondoa sehemu kubwa ya poda kabla haijaungana na mafuta, na kwa brashi ya kindi au ya mbuzi ndilo linaloruhusu kuosha kupangwe kwa kiasi na kurefusha maisha ya nywele.

Kuosha

Uso hutoa mafuta, jasho na seli zilizokufa, na vyote hivyo vikikaa katika nywele zenye unyevu huwa chakula cha bakteria. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aston nchini Uingereza, uliotangazwa mwaka 2019, ulikuta bakteria katika takriban vipodozi tisa kati ya kila kumi vilivyokuwa vikitumika, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika sponji za kupakia, ambazo asilimia 93 hazikuwa zimewahi kuoshwa. Brashi hukutana na ngozi ileile na vipodozi vilevile, na mwenye chunusi anayeipitisha brashi chafu usoni kila asubuhi huurudishia uso wake kile ambacho sabuni ilikwisha kukiondoa. Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani hushauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10, na kipimo hicho ni cha kufuatwa kwa brashi zinazotumika kila siku. Brashi ya kindi inaweza kusubiri zaidi ikiwa inagusa poda kavu tu, inafutwa kila siku na ni ya mtu mmoja. Yakikosekana masharti hayo, afya ya ngozi itangulie maisha ya brashi.

Maji yawe ya vuguvugu, kwa kuwa maji ya moto hulegeza gundi, na kiasi kidogo cha shampuu laini, kwa mfano ya watoto, kiyeyushwe katika kiganja au bakuli. Sabuni ya mche ya kufulia haifai kwa nywele za asili, kwa sababu ina hali kali ya alkali inayoufanya unywele uvimbe na magamba yake yainuke, na magamba yaliyoinuka hukwaruzana, hunasana na kuupoteza ulaini. Brashi ishikwe ikiwa imeinamisha kichwa chini muda wote, ncha ziloweshwe hadi karibu theluthi mbili ya urefu wa nywele, kisha zizungushwe kiganjani bila kubonyezwa. Brashi kamwe isiachwe imelowekwa bakulini, wala isisimamishwe chini ya bomba kichwa kikiwa juu, kwa kuwa katika hali zote mbili maji huingia ndani ya pete. Uchafu ulio karibu na mashina uondolewe kwa vidole vyenye povu kidogo, kwa kuvuta kuelekea ncha.

Suuza irudiwe hadi maji yatoke meupe na pasiwe na utelezi, maana shampuu iliyobaki huzikakamaza nywele zinapokauka. Katika nyumba nyingi za mwambao, ambako maji ya kisima yana chumvi, suuza ya mwisho ifanywe kwa kikombe cha maji ya mvua au ya kunywa, kwa sababu maji ya chumvi yakikauka huacha chembe kwenye nywele na kuzifanya ngumu hata kama zimeoshwa vizuri. Dawa ya kulainisha nywele za kichwani isitumiwe kwa wingi, kwa kuwa huacha utando unaoziba magamba, poda ikashindwa kushika.

Kukausha na kuhifadhi

Unywele uliolowa ni dhaifu na hunyumbuka zaidi kuliko ulio mkavu, kwa hiyo brashi haikamuliwi kwa kusokotwa. Hubanwa taratibu ndani ya taulo, kisha umbo la kichwa hurekebishwa kwa vidole. Baada ya hapo ininginizwe kichwa kikielekea chini, au ilazwe ukingoni mwa meza nywele zikiwa nje hewani, ili maji yashuke kuelekea ncha. Kuisimamisha ndani ya kikombe ikiwa imelowa ni kuyaelekeza maji yale yale kwenye gundi ambayo mwoshaji alijitahidi kuikinga. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele navyo viepukwe, kwa kuwa joto hukausha mafuta ya unywele na kuvipasua viungio vya mpini.

Brashi kubwa ya mbuzi huhitaji usiku na mchana mzima ili kukauka hadi ndani, na katika majira ya masika, hewa ya pwani inapojaa unyevu, huenda ikahitaji zaidi. Kwa hiyo inafaa kuosha asubuhi, kuiweka brashi mahali penye upepo au karibu na feni, na kuwa na brashi ya pili ya kutumia siku hiyo. Brashi iliyofungiwa katika mkoba wa plastiki kabla ya kukauka huota ukungu, ambao hujulikana kwa harufu ya uvundo na madoa meusi karibu na pete. Nywele za asili zina adui mwingine, nao ni viwavi wa nondo wa nguo, ambao hula keratini. Brashi isiyotumika kwa muda mrefu ihifadhiwe ikiwa safi na kavu ndani ya kasha linalofungika, na itazamwe mara kwa mara. Vidonge vya kufukuzia wadudu kabatini visiwekwe pamoja nayo, kwa sababu mvuke wake ni sumu na brashi ni kitu cha kupitishwa puani na machoni.

Brashi iliyotunzwa vizuri hudumu miaka, lakini ina siku ya kuachwa. Inayoendelea kudondosha nywele baada ya kuoshwa, inayonuka baada ya kukauka, ambayo ncha zake zimekuwa za kuchoma, au ambayo ukungu umeingia ndani ya pete, iondolewe usoni bila kuhurumiwa bei yake.

Brashi ya kazi

Yote yaliyotangulia huwa na uzito zaidi kwa mpambaji wa saluni na wa maharusi, ambaye brashi yake hutoka uso mmoja na kuingia mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu, unaosababishwa na virusi, ulienea kwa kasi katika Dar es Salaam na sehemu nyingine za Tanzania, na pia katika mwambao wa Kenya, na katika hali kama hiyo brashi ya kope iliyopita kwenye jicho la mgonjwa ni njia ya wazi ya kumwambukiza anayefuata. Wapambaji wengi hutegemea kunyunyizia alkoholi baina ya wateja. Alkoholi ya asilimia 70 huua bakteria vizuri kuliko ile ya asilimia 99, kwa kuwa maji yaliyomo huisaidia kuharibu protini za vijidudu, lakini haifanyi kazi sawasawa juu ya poda na mafuta yaliyoganda, virusi vya macho mekundu mara nyingi huistahimili, na ikitumiwa kila siku hukausha nywele za asili na kulegeza gundi ikifika kwenye pete.

Njia ya uhakika ni kuwa na seti za kutosha ili kila uso upate brashi zilizooshwa na kukauka, na seti hizo ziwe za nyuzi bandia, ambazo huvumilia kuoshwa kila siku na hukauka upesi kuliko nywele za mbuzi. Mpambaji anayekwenda kupamba bibi arusi, mama yake na wasindikizaji ahesabu nyuso kabla ya kufunga mkoba wake, atenge mfuko wa brashi safi na mfuko wa zilizotumika, achukue poda kwa kijiko kidogo na kuiweka juu ya kisahani badala ya kurudisha brashi ndani ya kopo, na mwenye macho mekundu au kidonda mdomoni apambwe kwa vifaa vya kutupwa au aahirishiwe sehemu hiyo ya uso. Mteja naye ana haki ya kuuliza brashi zilioshwa lini na kuomba azione kabla hazijamgusa, na mpambaji anayeijua kazi yake hatalichukulia swali hilo kuwa tusi, kwa kuwa jibu lake ni sehemu ya huduma anayolipwa.